Sala ya Jioni: Ni Sharti au ni Hiari?



Mwezi huu nimepokea barua ya mwalimu mmoja, mtu mwenye mke na watoto watano. Jina lake silitaji, maana ameniomba nisilitaje. Aeleza kwamba nyumbani mwake sala ya jioni imekuwa chanzo cha ugomvi. Yeye hushika ya kuwa sala hiyo ni sharti, wala hapana ruhusa kwa mtu yeyote kulala kabla haijakwisha. Mkewe husema ya kuwa watoto husinzia, na yeye mwenyewe huwa amechoka, wala hajaona popote katika Amri Kumi palipoandikwa sala ya jioni. Juma lililopita mwana wao mkubwa alisinzia katikati ya maombi, na baba akamsimamisha mbele ya wadogo zake mpaka mwisho. Tangu usiku ule mama hasemi na mumewe ila neno la lazima. Basi aniuliza: "Watu wa kale walisemaje? Sala ya jioni ni sharti au ni hiari?"

Ndugu yangu mwalimu, swali lako si geni. Wayahudi waliulizana swali hilo hilo yapata miaka 1,900 iliyopita, na kwa ajili yake mkuu wa waalimu wao aliondolewa katika kiti chake. Tena katika habari hiyo yumo mtu aliyesimamishwa mbele ya wenzake; ndiyo sababu niliikumbuka mara nilipoisoma barua yako. Imeandikwa katika Talmudi, kitabu kikubwa kilichokusanya mashauri ya waalimu wa Kiyahudi. Nitakusimulia kama ilivyo, kisha nitarudi nyumbani kwako.

Kwanza yafaa tujue asili ya shauri lenyewe. Mwaka 70 Warumi waliliteketeza hekalu la Yerusalemu. Kabla ya hapo palitolewa dhabihu humo kila siku, mwana-kondoo mmoja asubuhi na mmoja alasiri, kama tusomavyo katika Hesabu, mlango wa 28. Hekalu lilipoanguka madhabahu hayakuwako tena, nao watu wakawa kama watoto waliofiwa. Ndipo waalimu waliobaki wakakusanyika Yabne, mji ulio karibu na bahari, ambao jina lake mtaliona katika 2 Mambo ya Nyakati 26:6. Huko wakazitia sala katika taratibu, zishike mahali pa dhabihu. Sala iliyo kuu husemwa kwa kusimama, nayo huitwa Baraka Kumi na Nane hata leo, ijapokuwa sasa ni 19.

Basi sala ya asubuhi ilikuwa na mwana-kondoo wake, na sala ya alasiri vivyo hivyo. Petro na Yohana walipokwea hekaluni saa tisa, ilikuwa ni saa ya sala hiyo ya alasiri. Nao walihesabu saa kama tuhesabuvyo sisi kwa Kiswahili, tangu jua kuchomoza. Lakini usiku haikutolewa dhabihu mpya. Vipande na mafuta ya dhabihu za mchana tu ndivyo vilivyoendelea kuungua juu ya madhabahu mpaka asubuhi. Hapo ndipo shauri lilipozuka. Sala ya jioni haina dhabihu yake yenyewe: je, mtu amefungwa nayo, au ameachiwa moyo wake? Mfahamu kwamba hawakubishana juu ya ungamo la Kumbukumbu la Torati 6:4, ambalo Myahudi hulisema alalapo na aondokapo. Hilo wote walikubali kuwa ni sharti. Mabishano yalikuwa juu ya ile sala ya kusimama.

Mkuu wa Yabne alikuwa Gamalieli. Huyu si yule ambaye Paulo alilelewa miguuni pake. Yule alikuwa babu yake. Gamalieli wa Yabne alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, mwenye mali, tena mkali wa sheria. Lakini ukali wake haukuwa kwa wengine tu. Mwenyewe alifundisha kwamba bwana arusi amesamehewa ungamo la jioni usiku wa arusi yake; hata hivyo yeye alipooa hakukubali kuliacha. Tena wanawe waliporudi karamuni baada ya usiku wa manane, wakamwambia hawajaungama, aliwafundisha kwa upole kwamba maadamu alfajiri haijapambazuka wakati ungaliko. Husimuliwa pia kwamba alimwambia Mungu ya kuwa ukali wake haukuwa kwa kujitafutia utukufu, bali kwa kuogopa mabishano yasizidi katika Israeli. Basi tusimhesabu kuwa mtu mbaya. Aliona watu wasio na hekalu, akaogopa wasije wakatawanyika hata katika sala.

Mwenzake alikuwa Yoshua bin Hanania, Mlawi, mwenye elimu nyingi na mali kidogo. Yeye mara nyingi aliwatafutia watu njia iliyo nyepesi. Gamalieli aliposema kwamba kila mtu azisome baraka zote 18 kila siku, Yoshua alisema kwamba muhtasari wake watosha. Akiva, aliyekuwa mdogo wao, akashika njia ya katikati: ambaye sala imezoea kinywani mwake azisome zote, na ambaye haikuzoea asome muhtasari.

Wawili hawa walikuwa wamekwisha kushindana juu ya mwezi. Watu wa pwani mnajua taabu inayotokea mwezi unapotangazwa katika mji mmoja na kukanushwa katika mji mwingine. Gamalieli aliwakubali mashahidi waliosema wameuona mwezi mwandamo, na Yoshua aliona ushuhuda wao si wa kweli. Gamalieli akamwamuru aje kwake akichukua fimbo yake na fedha zake siku ile ile ambayo, kwa hesabu ya Yoshua, ilikuwa Siku ya Upatanisho, ambayo mtu hathubutu kusafiri wala kuchukua fedha. Yoshua alihuzunika sana, lakini akaenda. Gamalieli alipomwona akasimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake kwa hekima na mwanafunzi wake kwa kulitii neno lake. Wakapatana. Lakini wale waliotazama hawakusahau.

Mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja alimwendea Yoshua, akamwuliza kama sala ya jioni ni hiari au ni sharti. Yoshua akamjibu kuwa ni hiari. Akamwendea Gamalieli, naye akamjibu kuwa ni sharti. Kijana akasema, "Lakini Yoshua ameniambia vingine." Gamalieli akamwambia angoje mpaka wenye ngao waingie katika nyumba ya mafundisho, yaani wale wakubwa wa kushindana kwa hoja.

Walipokwisha kuketi wote, kijana akauliza tena mbele ya watu. Gamalieli akajibu kuwa ni sharti, kisha akauliza kama yupo apingaye. Yoshua akajibu kwamba hayupo. Pengine hakutaka ugomvi. Ndipo Gamalieli akasema ya kuwa ameambiwa habari kwa jina lake, akamwamuru asimame kwa miguu yake, ashuhudiwe. Yoshua akasimama. Akakiri kwamba kama shahidi angekuwa amekufa, aliye hai angeweza kumkana. Lakini shahidi yu hai, naye hawezi kumkana.

Jambo lingeweza kwisha hapo. Lakini Gamalieli hakumwambia aketi. Aliendelea kufundisha, yeye ameketi na Yoshua amesimama, na muda ukapita. Siku zile mwalimu mkuu alikuwa na mkalimani wa kuyatangaza maneno yake kwa mkutano. Watu wakaanza kunong'ona, kisha wakapaza sauti, wakamwambia mkalimani, "Nyamaza!" Naye akanyamaza. Wakasema kwamba mwaka jana alimtesa mwenzake kwa habari ya mwezi, tena alimtesa kwa habari nyingine, na leo amtesa tena, hata lini? Na siku ile ile wakamwondoa katika ukuu wake.

Angalia hapa, ndugu mwalimu. Hawakumwondoa kwa sababu ya hukumu yake juu ya sala. Labda wengi mle ndani walikubaliana naye. Walimwondoa kwa sababu alimsimamisha mwenzake, akamwacha amesimama.

Wakatafuta wa kukaa mahali pake. Yoshua hakufaa, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mmoja wa walioshtakiana. Akiva alikuwa mtu asiye na ukoo wa kumkinga. Wakamchagua Eleazari bin Azaria, mwenye hekima, tajiri, wa kizazi cha kumi tangu Ezra. Alikuwa na umri wa miaka 18. Hakukubali papo hapo. Alikwenda kwanza kumwuliza mkewe. Mkewe akamwonya kwamba huenda na yeye akaondolewa kesho. Tena akamwambia kwamba hana hata mvi moja. Husimuliwa kwamba siku ile nywele zake ziligeuka nyeupe, safu 18.

Jambo la kwanza lililotendeka siku ile ni kumwondoa bawabu mlangoni. Kwa maana Gamalieli alikuwa ametangaza kwamba mwanafunzi ambaye ndani yake si kama nje yake asiingie. Sasa mlango ukafunguliwa kwa kila atakaye, na mabenchi yakaongezwa: wengine husema 400, wengine 700. Gamalieli alipoona wingi wa watu waliokuwa wakingoja nje, moyo wake ukashuka, akaogopa kwamba labda amewanyima watu neno la Mungu. Akaota ndoto, akaonyeshwa mitungi myeupe iliyojaa majivu, kana kwamba wale walioingia hawakuwa na kitu ndani yao. Lakini Talmudi yenyewe yasema wazi kwamba haikuwa hivyo. Aliota vile ili moyo wake utulie tu.

Gamalieli hakukasirika akakaa nyumbani. Alikuja akaketi pamoja na wengine, akatoa hoja zake kama mtu mmoja wao. Siku ile alikuja mwongofu mmoja, jina lake Yuda, Mwamoni kwa asili, akauliza kama ana ruhusa kuingia katika kusanyiko la Bwana. Gamalieli akakataa, kwa kuwa Torati yamkataza Mwamoni. Yoshua akamruhusu, kwa kuwa Senakeribu mfalme wa Ashuru aliyachanganya mataifa zamani, wala hapana awezaye kusema leo nani ni Mwamoni wa kweli. Wakahojiana, na mkutano ukamkubali yule mwongofu. Gamalieli akaona kwamba ameshindwa kwa haki, akasema moyoni mwake kwamba atakwenda kumwomba Yoshua radhi.

Akaenda mpaka nyumbani kwake. Alipoingia aliona kuta za nyumba zimekuwa nyeusi kwa masizi. Akamwambia Yoshua kwamba kwa kuzitazama kuta hizi atambua kuwa yeye ni mchoma makaa. Wengine hufasiri neno hilo kuwa mhunzi. Na Talmudi ya pili, iliyoandikwa katika nchi ya Israeli, yasema kwamba alimkuta akitengeneza sindano. Miaka mingapi wawili hawa walikuwa wameketi katika nyumba moja ya mafundisho! Walikuwa wamebishana juu ya mwezi, na baraka, na mataifa; wala Gamalieli hakujua mwenzake ala nini.

Yoshua akamjibu neno gumu. Alisema ya kuwa kizazi kile ni cha kuhurumiwa kwa kuwa na mkuu asiyejua taabu ya wenye elimu, jinsi wanavyopata riziki yao na chakula chao. Gamalieli hakujitetea. Akasema amekosa, akaomba asamehewe. Yoshua hakumtazama. Akaomba mara ya pili, kwa heshima ya nyumba ya baba yake. Ndipo Yoshua akakubali.

Nani sasa apeleke habari kwa wenzao? Akajitolea dobi mmoja. Lakini Akiva alikuwa ameagiza milango ifungwe, watumishi wa Gamalieli wasije wakawasumbua waalimu, na ujumbe haukufaa. Basi Yoshua akaenda mwenyewe, yule aliyesimamishwa, akamwombea aliyemsimamisha. Akiva akamwambia kwamba wao walifanya yote kwa ajili ya heshima yake. Ikiwa yeye ameridhika, kesho wataamka mapema kwenda mlangoni kwa Gamalieli. Wala hawakumfukuza yule kijana Eleazari. Walipatana kwamba Gamalieli afundishe Sabato mbili au tatu, na Eleazari afundishe moja. Na mwanafunzi aliyeuliza lile swali, asema Talmudi, alikuwa Simeoni bin Yohai, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mkubwa.

Na hukumu ya sala yenyewe, je? Waalimu waliofuata waliamua kama Yoshua: kwa asili yake ni hiari. Lakini watu wenyewe waliipenda, wakaishika kizazi baada ya kizazi. Maimonides, mwalimu mkubwa aliyefariki Misri mwaka 1204, ameeleza kwamba Wayahudi wa kila mahali wamekwisha kuizoea na kuipokea kama wajibu. Basi leo huisali jioni kama alivyotaka Gamalieli. Lakini iko alama moja iliyobaki. Asubuhi na alasiri, wasalipo pamoja, kila mtu huisema sala ya kusimama kwa sauti ya chini, kisha kiongozi huirudia kwa sauti kuu. Jioni kiongozi hairudii; kila mtu akimaliza yake imekwisha. Ukimya ule ni neno la Yoshua.

Sasa, ndugu yangu, narudi nyumbani kwako. Waniuliza sharti au hiari. Wewe una hoja njema: nyumba isiyo na saa yake ya sala mwisho huwa haina sala. Danieli alisali mara tatu kila siku, na Zaburi ya 55 yataja jioni kwanza. Mkeo naye ana hoja: sala ya mtu anayesinzia ni masikitiko. Waalimu wa kale waliyajua yote mawili. Walimwonya mtu atokaye shambani jioni asiseme moyoni kwamba atakula kidogo, atakunywa kidogo, atalala kidogo, kisha atasali; maana usingizi utamkamata mpaka asubuhi. Wakamfundisha asali kwanza, ndipo ale. Na mafundi walioko juu ya mti au juu ya ukuta waliwaruhusu kuungama pale pale juu, wasipoteze kazi yao. Walipotunga sheria waliutazama mwili wa mtu na kazi yake.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Salini kabla ya chakula, watoto wangali macho, tena sala iwe fupi, hasa kwa wadogo. Hilo ni jepesi. Lililo gumu ni jingine. Umeniandikia ukurasa mzima juu ya usingizi wa mwanao, wala hukuniambia aliamka saa ngapi, wala alichota maji mara ngapi, wala nani alikata kuni siku ile. Umeandika kwamba mkeo huchelewa kuja kwenye sala, wala hukuandika alikuwa akifanya nini. Je, umepata kuingia jikoni kwako, ukazitazama kuta zake?

Mimi nami ni mwalimu, na najua jinsi ilivyo vigumu kwa mwalimu kumwambia mtoto, "Nimekukosea." Gamalieli aliomba mara mbili, kwa maana mara ya kwanza hakujibiwa. Nawe huenda usijibiwe mara ya kwanza. Mwite mwanao mbele ya wadogo zake, kwa maana ni mbele yao ulimsimamisha, umwombe radhi. Kisha nenda kwa mama yake, ukakae naye penye moto kabla hujamwita kwenye sala. Na jioni hiyo, mkikusanyika, usiseme neno lolote juu ya sharti wala hiari.

Uniandikie tena, nijue ilikuwaje. Wasalaam.